Mazoezi ya kiasi: maana yake kwa mwenye maradhi ya misuli

Chukua mfano wa mtoto wa kiume wa miaka sita, kwao Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Akiwa ameketi mkekani anakula na wenzake huoni kitu. Subiri ainuke. Anageuka, anapiga magoti, anaweka mikono sakafuni, anainua makalio, halafu anaanza kujipanda mwenyewe: mkono gotini, mkono pajani, mpaka kiwiliwili kisimame. Wenzake washafika mlangoni zamani. Nyanya yake anamwambia, "Mjukuu wangu, uvivu huu umeutoa wapi?" Mjomba naye ana dawa yake: mtoto akimbizwe mchangani kila alfajiri mpaka miguu ikazane.

Kule kujipanda kulielezwa na daktari Mwingereza, William Gowers, mwaka 1879, na hadi leo hospitalini kunaitwa kwa jina lake. Kunaonyesha kwamba misuli ya nyonga na mapaja imelegea, na kwa mvulana wa umri huo maradhi ya kwanza kuchunguzwa ni ya Duchenne, maradhi ya kurithi yanayoila misuli mwaka hadi mwaka. Mjomba anampenda mpwawe, hilo halina shaka. Lakini mbio zake za alfajiri zitamharibia, kwa sababu nyumba nzima haijapata kusikia habari ya mazoezi ya kiasi.

Kwanza tujue maradhi yenyewe. Amri ya kuinua mguu hutoka kwenye ubongo, ikashuka uti wa mgongo, ikapita kwenye mshipa wa fahamu, ikavuka kutoka mwisho wa mshipa hadi kwenye msuli, ndipo msuli ukajikunja. Njia hiyo inaweza kukatika popote. Seli za uti wa mgongo zinazopeleka amri zikifa, ni maradhi kama ALS, yanayolegeza mwili kidogo kidogo hadi koo na pumzi. Mshipa wenyewe ukichakaa, hasa ule wa miguuni, huenda ni Charcot-Marie-Tooth, yaliyopewa majina ya madaktari watatu walioyaeleza mwaka 1886. Pale pa kuvukia pakizibwa na kinga za mwili zilizokosea adui, ni mayasthenia. Msuli wenyewe ukiwa na kasoro, hapo ndipo Duchenne ilipo, pamoja na ndugu zake wengi. Yote huwekwa kapu moja, maradhi ya mishipa ya fahamu na misuli, ila anayeyapa yote dawa moja hajaelewa.

Sasa turudi kwenye kiasi. Msuli wa mtu mzima wa afya ukitumikishwa sana hupata vichaniko vidogo, mwili ukavishona, na msuli ukatoka imara kuliko ulivyoingia. Ndiyo siri ya vifua vya wapakuzi wa bandarini. Mwenye Duchenne hana protini iitwayo distrofini, inayofunga kamba za ndani ya msuli na ngozi yake ya nje. Msuli ukivutwa kwa nguvu, ngozi hiyo hupasuka. Ushonaji huchelewa, kisha hushindwa, na penye nyama pakaingia mafuta na kovu. Mtoto wa namna hiyo jasho jingi halimjengi. Linamkopesha nguvu ya leo kwa riba ya kesho.

Kwa hiyo kipimo cha kiasi husomwa baada ya mazoezi. Nusu saa baadaye, mwili una nguvu zake au umekuwa mlegevu kuliko ulipoanza? Maumivu ya misuli yamepoa, au siku ya pili bado yapo? Miguu ni mizito kama imefungwa mawe? Jibu likiwa baya, punguza. Na mkojo ukitoka rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, hilo si la kusubiri kesho: misuli imevunjika, vilivyomo vimemwagika damuni, na figo zinaweza kuziba. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Wakati wa mazoezi yenyewe kipimo ni rahisi zaidi: awe anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

Zamani wagonjwa hawa waliambiwa wapumzike tu, na wapo wanaoambiwa hivyo hadi leo. Nayo ni hasara. Msuli usiotumika hunyauka kwa sababu yake mwenyewe, juu ya maradhi. Vifundo vya miguu na magoti hujikunja vikakataa kunyooka, mifupa hudhoofika, uzito hupanda. Kunyoosha viungo kila siku, taratibu, kama mtaalamu wa viungo alivyoelekeza, ndilo zoezi ambalo karibu kila mwenye maradhi haya analihitaji, hata aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Kuna jambo ambalo watu hulipinga wakiambiwa: kushuka huumiza misuli kuliko kupanda. Simama kwenye mteremko wa feri ya Likoni asubuhi uangalie mapaja ya watu. Anayepanda anahema, ni kweli, lakini msuli wake unajikunja huku ukifupika. Anayeshuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unavutwa ukirefuka huku unakaza. Mvuto huo ndio unaochana zaidi, na msuli usio na distrofini hauumudu. Vivyo hivyo ngazi za nyumba za Mji wa Kale, zile nyembamba zilizosimama kama ukuta. Mtoto akishuka abebwe, au ashuke polepole ameshika, bila kuruka. Mimi ningemruhusu apande mteremko wa feri kwa miguu yake na kuushuka kwa kiti cha magurudumu.

Zoezi ambalo Mombasa imejaliwa ni maji. Ukiingia baharini maji yakafika kifuani, miguu hubeba kama thuluthi tu ya uzito wako. Bahari yetu ina joto mwaka mzima, na misuli hailazimiki kukazana kwa baridi. Chagua siku bahari imetulia, maji yamejaa kiasi, na awepo mtu mzima wa kumshika. Tahadhari ni mbili: ambaye pumzi zake zimedhoofika, maji ya kifuani yanambana mapafu, na moyo upimwe kwanza, kwa kuwa moyo pia ni msuli na baadhi ya maradhi haya humfuata hadi huko.

Mwenye mayasthenia ana hesabu nyingine. Yeye msuli wake si mbovu. Huchoka ukitumika na hurudi ukipumzika. Asubuhi kope ziko juu, magharibi zimeanguka. Joto humzidishia, basi mazoezi yake ayafanye alfajiri au chini ya feni, na msimu wa joto la kaskazi ajihurumie. Huyu pia amwambie kila daktari maradhi yake kabla ya kuandikiwa dawa, maana kwinini, dawa ya malaria, na baadhi ya dawa za kuua bakteria zinaweza kumlegeza ghafla. Soda ya toniki ina kwinini vilevile.

Upande wa chakula, kiasi kinageuka sura kabisa. Mtoto wetu wa Kibokoni huenda akapewa prednisoloni, dawa inayorefusha miaka ya kutembea na pia inayoleta njaa isiyoshiba. Misuli yake michache huunguza chakula kidogo, na kila kilo anayoongeza ni miguu ileile dhaifu itakayoinyanyua kutoka mkekani. Mahamri na mbaazi asubuhi? Mbaazi ni rafiki, zina protini na nyuzi za kulainisha choo, ambacho kwa wagonjwa hawa hukaza sana. Hesabu mahamri, na tui liwe jepesi. Achari na chipsi zipungue kwa ajili ya chumvi. Dagaa waliwe na mifupa yao, na maziwa yawepo, kwani dawa hiyo hula mifupa. Jua, ambalo nalo huimarisha mifupa, tunalo tele, ila mtoto asiyetembea hushinda ndani, atolewe barazani.

Mwenye ALS ni kinyume chake. Kwake kukonda ndiko adui: wanaopungua uzito haraka, kwa kawaida hali yao hushuka haraka pia. Hapo tui zito la kwanza na samli hurudi mezani bila haya. Shida ni kumeza. Watu hudhani maji ndiyo mepesi kumeza kuliko vyote, kumbe huteleza na kuingia njia ya pumzi kabla koo halijajiandaa. Uji mzito huenda salama zaidi. Wali uliochambuka punje punje, fahari ya mpishi wa Kimombasa, kwake ni hatari, na kashata ndiyo usiseme. Bokoboko limetimia: ngano na nyama zilizopondwa zikalainika, samli juu. Apimwe na mtaalamu wa kumeza, ale ameketi wima, asisemeshwe mdomoni mkijaa. Siku moja daktari akitaja mrija wa kulishia tumboni, msiuchukulie kama hukumu; huwekwa vizuri zaidi wakati pumzi bado zina nguvu.

Vidonge vya vitamini vya duka la dawa msivinunue kwa wingi kwa kudhani vinaimarisha mishipa. Vitamini B6 ikizidi sana huharibu mishipa hiyohiyo.

Kisha Ramadhani. Dawa ya mayasthenia, piridostigmini, hufanya kazi saa chache tu, na mara nyingi hunywewa kabla ya kula ili taya na koo viwe na nguvu ya kutafuna na kumeza. Saumu ya Mombasa ni zaidi ya saa kumi na tatu. Prednisoloni nayo ni hatari kuikata ghafla. Na yapo maradhi ya misuli ambayo kukaa na njaa muda mrefu peke yake kunatosha kuleta ule mkojo wa strungi. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, lakini wazee wetu wengi husema, "Mwanangu, nimefunga tangu utotoni, leo nile mchana?" Mazungumzo hayo, ya daktari na ya shehe, yaanze Shaaban kabla mwezi haujaandama, kukiwa bado na siku za kupanga upya saa za dawa.