Umesoma Kwanta Ngapi?

"Shikamoo Dokta. Nina GPA (wastani wa alama za chuo) ya 4.1 kati ya 5, naweza kupata masta ya fizikia nje?"

Ujumbe huu nimeupokea mara nyingi kiasi kwamba namaliza kuusoma kabla sijaufungua. Namba hubadilika kidogo, swali ni lilelile. Nami nina jibu langu moja: umesoma kwanta ngapi, yaani kozi ngapi za mekanika ya kwanta? Baada ya hapo tiki mbili za bluu, kisha kimya.

Dhana: GPA kubwa ndiyo tiketi

Kwa Tanzania, kiwango cha kawaida cha kuombea shahada ya uzamili ni GPA ya 2.7 kati ya 5, yaani daraja la pili la chini. Ukikifikia umeruhusiwa kubisha hodi, basi. Walio ndani wanasoma transkripti mstari kwa mstari wakitafuta vitu vinne: mekanika ya klasiki (ile ya Lagrange na Hamilton, achana na jiwe lililorushwa kwa nyuzi 45), elektrodinamiki, mekanika ya kwanta, na themodinamiki pamoja na fizikia ya takwimu. Wakishaviona ndipo wanauliza ulipata ngapi.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja ofisini na bahasha ya kaki. Shahada ya ualimu wa sayansi, fizikia na hisabati, GPA 4.3. Alishakaa kwa tabasamu la mtu aliyefuata barua yake tu. Nikampa penseli, tukaanza kukata kila kozi isiyo ya fizikia wala hisabati. DS (taaluma za maendeleo), kata. Stadi za mawasiliano, kata. Saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, mazoezi ya ualimu mara mbili, kata, kata, kata. Ukurasa ulipobaki mweupe nusu nzima, tukahesabu. Kwanta ilikuwa moja, na iliishia kwenye chembe iliyofungiwa ndani ya kisanduku, mada ya mwanzo kabisa. Atomu ya haidrojeni hawakuifikia, muhula uliisha. Elektrodinamiki moja. Fizikia ya takwimu, sifuri.

Simlaumu, wala shahada ya ualimu si duni. Iliundwa itoe walimu na inawatoa. Lakini programu za Ujerumani, kwa mfano, mara nyingi hudai kiasi maalumu cha krediti za fizikia ya nadharia, na A ya saikolojia haiwezi kuziba pengo la kwanta. Zaidi ya hapo, krediti zetu hazilingani moja kwa moja na zao. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hapa ina krediti 360. Kwa Ulaya miaka hiyohiyo ni ECTS (krediti za mfumo wa Ulaya) 180. Kozi yako ya krediti 12 huko inahesabika kama 6. Watu wanajaza 12 kwenye fomu, halafu wanashangaa kukataliwa.

Mwenzake aliyekuja wiki ileile alikuwa na 3.6 na sapu moja ya mwaka wa kwanza. Ila alisoma fizikia tupu, kwanta mbili, na mradi wake wa mwisho ulipima mionzi ya asili kwenye sampuli za udongo, data zote akazichakata kwa Python, lugha ya kompyuta aliyojifunza mwenyewe. Faili lake lilikuwa zito kuliko la yule wa 4.3, na ilinichukua nusu saa kumfanya aamini.

Sasa ushauri ninaouimba kila mwaka. Kabla hujaondoka chuoni, nenda idarani uombe maelezo ya kozi zote ulizosoma: mada, saa za mihadhara, kitabu kilichotumika, muhuri juu. "Kwanta I" kwenye transkripti haimwambii mtu wa chuo cha Bonn, Ujerumani, chochote. Yaombe wakati katibu wa idara bado anakujua kwa sura. Ukirudi baada ya miaka mitatu utakuta mtaala umebadilishwa na wewe ni mgeni getini.

Na kama pengo lipo, lizibe hapahapa kwanza. Kigali kuna EAIFR, taasisi iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na inayoshirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, nayo inatoa masta ya fizikia. Basi la Kigali halihitaji viza ya Schengen.

Dhana: GPA yangu naizidisha kwa 4 nagawa kwa 5

Usizidishe chochote. Fomu nyingi za Marekani zinataka uandike alama kwa kipimo cha chuo chako. Wajerumani wana fomula yao: alama ya juu kabisa toa alama yako, gawanya kwa alama ya juu kabisa toa ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa GPA ya 3.8, ya juu ikiwa 5 na ya kufaulu 2, unapata 2.2. Binti mmoja alinipigia saa nne usiku sauti ikitetemeka, ameona 2.2 akadhani amefeli. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo pasi ya mwisho.

Dhana: Lazima masta kwanza ndipo PhD

Kwa Uingereza na Ulaya kwa kiasi kikubwa ni kweli. Marekani unaweza kuomba PhD ukiwa na shahada ya kwanza tu, na idara nyingi za fizikia hazina hata masta ya kujitegemea, unaichukua njiani. Pesa nazo ziko upande wa PhD, kwa kazi ya kufundisha au utafiti. Kuna watu wanauza kiwanja kulipia masta ya Marekani wakati mlango wa pembeni ungewalipa wao.

Dhana: Bila GRE ya fizikia usijisumbue

GRE ya fizikia ni mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Idara nyingi zimeufuta au zimeufanya wa hiari, hasa tangu 2020. Soma ukurasa wa idara husika, achana na kaka yako aliyeomba 2014.

Dhana: Barua nzuri ya mapendekezo ni ya mtu mkubwa

Hapa huwa napandisha sauti. Barua ya mkuu wa kitivo asiyekujua inasema "alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu", na hiyo husomeka kama "simfahamu". Mtafute aliyekusimamia mradi, aliyekuona ukifungua kigunduzi cha mionzi na kukirudisha kikifanya kazi. Na ile desturi ya "andika mwenyewe nikusainie" mimi siishiriki, msinitumie rasimu.

Dhana: Ukishaingia umemaliza

Masta ya Ujerumani ni ECTS 120 kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni kozi na mitihani, mingine ya mdomo mbele ya profesa na ubao. Mwaka wa pili karibu wote ni utafiti na tasnifu. Marekani ni krediti kama 30 na wastani wa B. C tuliyoizoea sisi kama "nimepita" inaweza kukuweka kwenye uangalizi.

Dhana: Ujerumani ni bure

Ada, kwa vyuo vingi vya umma, ndiyo. Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasio wa Umoja wa Ulaya tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Halafu kuna akaunti iliyozuiwa kwa ajili ya viza: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, unatoa 992 kila mwezi. Kama huna ufadhili, hiyo inatakiwa iwe benki kabla hujakata tiketi. Yule kijana wa bahasha ya kaki alipoisikia aliuliza basi la Kigali linaondoka saa ngapi.