Baraza la wazee si kikao cha kumsikiliza Rais

Sema kijiweni kwamba Serikali inaunda baraza la ushauri la wazee, uone kila mtu anavyoelewa lake. Mmoja anawaza kanzu na viti vya mbele. Mwingine anawaza posho. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa mtaa ulioitishwa kuchagua wajumbe wa baraza hilo. Nusu ya waliofika walikuja na nakala za vitambulisho, wakiamini wanaandikishwa kupewa fedha. Hakuna aliyewadanganya. Neno "baraza la wazee" limebebeshwa mizigo mingi, na si kosa lao.

"Si wale wazee wa Dar es Salaam?"

Dhana hii imekomaa kuliko zote, na ina historia nzito nyuma yake. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba Idi Amin atapigwa: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Mei 2010 Rais Kikwete aliwaita ukumbi wa Diamond Jubilee, akawaeleza kwa nini kima cha chini cha mshahara cha shilingi 315,000 walichodai TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, hakilipiki. Mei 2021 Rais Samia alikutana nao ukumbi wa Mlimani City. Tumezoea, basi, kuona wazee wamekaa na Rais anazungumza.

Ni desturi nzuri, na siibezi. Lakini mikutano ile miwili ya kwanza haikuitishwa ili kuzungumzia uzee. Mmoja ulihusu vita, mwingine mishahara ya wafanyakazi. Wazee walialikwa kwa niaba ya taifa zima, wapokee neno na kulifikisha. Baraza la ushauri kazi yake ni kinyume cha hapo: wazee ndio waseme, tena kuhusu maisha yao wenyewe, na Serikali ndiyo isikilize. Mzee aliyefika hospitalini akakuta bango la kutaka wazee wapishwe, akapishwa kweli, kisha dirisha la dawa likamwambia akanunue nje, huyo ana habari ambayo haipo kwenye ripoti ya mtu yeyote.

"Ni mambo ya chama." "Ni mambo ya mila."

TANU ilikuwa na baraza la wazee miaka ya 1950, Sheikh Suleiman Takadir akiwa mwenyekiti wake. CHADEMA wana lao hadi leo. Ukivuka kwenda Kenya, Wameru wana Njuri Ncheke na Wamijikenda wana wazee wa kaya, yaani misitu yao mitakatifu. Yote ni mabaraza ya wazee, na hakuna hata moja lililoundwa na Serikali kuishauri kuhusu watu wenye miaka 60 na kuendelea. Tusonge mbele.

"Mzee ni mstaafu, kwa hiyo teueni wastaafu"

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi, wakiwamo wenye nia njema. Ukiwaambia viongozi wateue wajumbe kumi, watakuletea mkurugenzi mstaafu, mwalimu mkuu mstaafu, kanali mstaafu. Watu wenye uzoefu, wanajua kuandika muhtasari na hawaogopi ofisi. Lakini mwezi wa pili utakuta ajenda ni kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, na mwezi wa tatu pia kikokotoo.

Ukweli ni kwamba wazee wengi wa Tanzania hawajawahi kuajiriwa. Walilima, walivua, walichunga, waliuza vitumbua. Hawana mfuko wa hifadhi ya jamii wa kulalamikia. Shida zao ni nyingine: wajukuu walioachiwa kuwalea, shamba ambalo watoto wanataka liuzwe, nauli ya kufika kituo cha afya.

Kuna na jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi, Shinyanga, Mwanza na maeneo ya jirani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi. Macho yale ni ya moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni au samadi miaka hamsini atakosaje kuwa nayo? Pwani ya Kenya nako, Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na wanaume wamo. Sasa niambie, baraza lililojaa wanaume wenye pensheni litaliweka hili kwenye ukurasa wa ngapi? Pasipo bibi wa kijijini mezani, suala hili litasemwa na watu wasioliogopa usiku.

"Ukiingia barazani unalipwa pensheni"

Hapana. Posho ya kikao ikiwapo ni posho ya kikao. Malipo ya uzeeni yana njia yake, na mkanganyiko wa umri ndio unaowachosha watu. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania Bara ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Zanzibar wana Pensheni Jamii tangu Aprili 2016, lakini anayelipwa ni wa miaka 70 na zaidi. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na 2023 zikapanda hadi 50,000. Kenya, fedha za wazee za mpango wa Inua Jamii nazo zinaanzia miaka 70, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzee wa kuchaguliwa barazani miaka kumi kabla hajawa mzee wa kulipwa.

"Likishateuliwa, kazi imekwisha"

Baraza la ushauri halina bajeti ya nchi wala haligongi muhuri. Linashauri. Nguvu yake yote iko kwenye swali moja ambalo siku ya uzinduzi haliulizwi: nani analazimika kulijibu, na ndani ya siku ngapi? Tanzania Bara kwa miaka mingi mabaraza ya wazee, kuanzia mtaa na kijiji kwenda juu, yamesimama juu ya sera na miongozo. Mwongozo ni kitu kizuri mpaka ahamishwe mkurugenzi aliyekuwa anaupenda. Zanzibar walitunga sheria ya wazee, Namba 2 ya 2020. Kenya waliliingiza jambo hili kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 57: wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, waishi kwa heshima bila kunyanyaswa, wapate matunzo ya familia na ya dola.

Uganda walikwenda mbali kuliko wote katika ukanda huu. Sheria yao ya 2013 iliunda Baraza la Taifa la Wazee lenye mizizi hadi kijijini, na tangu uchaguzi wa 2021 wazee wana viti vitano bungeni. Usemapo hivyo watu hushangaa: kumbe inawezekana!

Inawezekana. Ila fedha za SAGE, mpango wao wa kuwasaidia wazee, zilianza na wenye miaka 65, na Karamoja 60. Mpango ulipopanuliwa nchi nzima umri ulipandishwa hadi 80, na kiasi kikabaki shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Sheria ya baraza ilikuwapo tayari.