Kupanga ruti za wahudumu wa wazee ndio nini hasa?

Watu wakiskia ruti wanafikiria ni kufungua ramani ya simu utafute njia ya mkato, basi. Kwenye huduma ya wazee majumbani kupanga ruti ni kuamua nani aende kwa mzee yupi, saa ngapi, aanzie wapi amalizie wapi, ili masaa yaishie kwa mgonjwa yasiishie njiani.

Chukua mhudumu mmoja hapa Lamu ana wazee sita. Hao sita unaweza kuwafuatanisha kwa namna 720, wakiwa kumi inapita milioni 3.6, ndio maana watu wanatumia programu za kompyuta, na hesabu yenyewe ya kitambo, mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser walikua wanatafuta vile malori yatasambaza petroli kwenye vituo vingi kwa mwendo mfupi kabisa.

Ila kituo cha petroli hakisikii njaa. Bibi wa mtaa wa Langoni anadungwa insulini kabla ya chai ya asubuhi, kwa hivyo ni wa kwanza hata kama wewe umetokea Mkomani, mtaa mwengine, na huko kuna mzee mlango wa pili, ukichelewa utamkuta ashavunja mahamri. Wa kubadilishwa bendeji anaweza kungoja mpaka saa nne. Mwengine ataka aogeshwe kabla ya adhuhuri, tena na mwanamume mwenzake. Halafu kuna yule aliyeanza kusahau, ukimpelekea sura mpya kila siku anafunga mlango, na mie naona hili ndilo watu hulipuuza sana, wamepunguza kilomita kweli lakini mzee siku ya tatu hajaoga.

Sasa tia bahari. Kutoka mjini kwenda Shela, kijiji cha jirani, kwa miguu ni kama dakika 40, maji yakijaa njia ya ufuoni inafunikwa, inabidi boti. Na maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, yani ratiba iliyokaa sawa Jumatatu ikifika Ijumaa imeshasogea masaa matatu na zaidi! Ramani ya simu haina habari hiyo. (Wala haijui punda wa mchanga wakiingia kichochoroni unajibanza ukutani mpaka wapite.) Kwa hivyo programu ipe jedwali la maji kupwa na kujaa, kama huna mpigie nahodha usiku ndio upange Shela iwe kabla au baada ya bendeji. Bibi wa insulini yeye usimguse.