Majumba ya mbao ya mamwinyi wa Uingereza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mfano mzuri wa majumba haya ni Little Moreton Hall, katika jimbo la Cheshire, jumba lililoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 na kuongezwa vyumba kwa karibu karne nzima.

"Limepinda kwa sababu mafundi hawakujua kazi."
Walijua sana. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi kwa makusudi, maana ukikauka hugomea patasi. Ulimi wa boriti moja, yaani ncha iliyochongwa nyembamba, uliingia kwenye tundu la nyingine, kisha kikapigwa kigingi cha mwaloni mkavu. Tobo la kigingi kwenye ulimi lilisogezwa milimita chache kuelekea bega, pale ulimi unapoanzia, ili kigingi kikiingia kivute kiungo na kukikaza. Mti ukikauka hujipinda, lakini kiungo hakiachii. Mpindo mkubwa wa Little Moreton una sababu nyingine: ukumbi wa juu kabisa, wenye urefu wa karibu mita 21, na paa lake la vipande vizito vya mawe. Fremu ya chini ilielemewa, na mwishoni mwa karne ya 19 ilibidi itiwe vyuma.

"Boriti zilitoka kwenye meli zilizovunjwa."
Hadithi hii haifi. Matundu matupu yanayoonekana kwenye boriti, ambayo watu huyadhania ya meli, kwa kawaida yalichongwa boriti ilipotumika kwenye jengo lingine la zamani, au ni ya ukuta uliokwisha kuondolewa. Misitu ya mwaloni ilikuwa jirani. Nani angeburuza magogo kutoka pwani?

"Rangi nyeusi na nyeupe ndiyo ya asili."
Mara nyingi weusi ule ni mtindo wa karne ya 19. Kabla ya hapo mbao nyingi ziliachwa zigeuke kijivu, au zilipakwa chokaa pamoja na kuta.

"Saruji ni imara, kwa hiyo inafaa kuziba nyufa."
Hili ndilo kosa linaloua majumba haya. Kuta kati ya mbao ni fito zilizokandikwa udongo. Zinanyonya unyevu na kuutoa. Saruji haichezi pamoja na mbao, hivyo hufanya ufa mwembamba, mvua ikapenya na kukosa pa kutokea. Boriti ya chini kabisa, inayolala juu ya msingi wa mawe, ndiyo huoza kwanza. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugomvi huu wa saruji na chokaa. Tiba ya boriti iliyooza: bandua saruji yote, kata sehemu iliyooza hadi ufikie mti mzima, unga kipande cha mwaloni, kisha kandika upya kwa chokaa na mchanga vilivyochanganywa na nywele za wanyama.