Mhadhiri na mwanafunzi wanaposema "nidhamu"

Mwulize mhadhiri kuhusu nidhamu chuoni, atakutajia mahudhurio, simu darasani, kazi zinazoletwa nje ya muda na udanganyifu kwenye mitihani. Mwulize mwanafunzi, atakutajia kamati ya nidhamu: nani kaitwa, nani kaachwa, na mbona kesi ya mwenzake haijasikilizwa hadi leo. Ndiyo maana dodoso lenye kauli kama "Nidhamu chuoni inaridhisha" halina faida. Kila upande unajibu swali lake. Tenganisha kauli za sheria zenyewe, za namna zinavyosimamiwa, na za ukubwa wa adhabu. Tena usikusanye majibu kupitia ofisi ileile inayowapeleka wanafunzi kwenye kamati, utaambulia majibu ya heshima tu.

Kwenye sheria zenyewe, pande hizi hukubaliana kuliko zinavyodhani. Ni nadra kumkuta mwanafunzi anayetetea kuingia na kikaratasi mtihanini. Ugomvi uko kwenye utaratibu. Watafiti John Thibaut na Laurens Walker walilionyesha hili miaka ya 1970: mtu aliyepewa nafasi ya kujieleza huuona uamuzi kuwa wa haki zaidi, hata ukimwangukia yeye.

Tazama barua ya wito. "Umekiuka kanuni za mitihani, fika ofisini Jumatatu" haimwambii mtuhumiwa ajitetee dhidi ya nini. Barua inayofaa hutaja tarehe na chumba cha mtihani, kifungu kinachodaiwa kuvunjwa na haki ya kuleta shahidi. Huambatana na nakala ya taarifa ya msimamizi, na humpa siku za kutosha kujiandaa. Msimamizi aliyeandika taarifa atoe ushahidi, atoke. Asibaki mezani kuamua. Akibaki, rufaa hubatilisha adhabu, na wahadhiri hunung'unika kwamba utawala unawalea wakosaji, kumbe kamati ilijiharibia yenyewe.

Asilimia za programu ya kupima ufanano wa maandishi nazo huzua ubishi. 30% inaweza kuwa nukuu halali na orodha ya marejeo. 8% inaweza kuwa aya nzima iliyoibwa. Ripoti ifunguliwe, isomwe.

Halafu kuna lile wahadhiri wasilopenda kulisikia: mhadhiri anayechelewa dakika 40 leo, kesho anamfungia mlango mwanafunzi aliyechelewa dakika 5. Mkuki kwa nguruwe. Liwekee kauli yake kwenye dodoso, kwa maneno yaleyale kwa pande zote mbili, kisha linganisha majibu.