Je, Marekani haina sheria ya kumlinda mtoto aliyezaliwa hai?

Kila muswada wa kulinda watoto wachanga unapokwama kwenye Seneti ya Marekani, kauli ileile huibuka mitandaoni: kule daktari ameruhusiwa kumuua mtoto aliyenusurika utoaji mimba. Si kweli. Kumuua mtoto aliyekwisha kuzaliwa ni mauaji. Mwaka 2013 daktari Kermit Gosnell wa Philadelphia alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto watatu waliozaliwa hai kwenye kliniki yake, akafungwa maisha, tena kwa sheria ya kawaida ya mauaji.

Isitoshe, mwaka 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria inayomtambua kila mtoto aliyezaliwa hai kuwa mtu kamili. Kwenye Seneti hakuna aliyeipinga.

Basi ugomvi ni wa nini? Muswada mpya, uliokwama 2019 (kura 53 kwa 44, zikitakiwa 60) na tena 2025, unataka mtoto huyo atibiwe kwa lazima na kukimbizwa hospitali, na mhudumu atakayekaidi afungwe hadi miaka 5. Warepublican wanasema sheria ya 2002 haina meno. Wademokrat wanahofia madaktari watalazimika kumhangaisha kwa mashine mtoto asiye na matumaini ya kuishi, badala ya kumwacha mama ampakate. Ni mjadala mzito, ila haukai vizuri kwenye bango la kampeni. Hata Montana, ngome ya Warepublican, wapiga kura walikataa pendekezo la namna hiyo mwaka 2022.