Iman hakuokotwa porini

Kwa karibu miaka 50 kimekuwa kikisimuliwa kisa cha Iman, mwanamitindo Msomali, kwamba mpiga picha Mmarekani Peter Beard alimkuta porini akichunga mifugo, hajui hata neno la Kiingereza. Kisa kitamu, ila si cha kweli. Beard mwenyewe ndiye aliyekipika ili kuwavutia waandishi wa habari wa New York, nao wakakimeza kizima kizima.

Iman alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, baba yake akiwa mwanadiplomasia. Alisoma shule ya bweni Misri, na machafuko ya kisiasa nyumbani yalipoisukuma familia kukimbilia Kenya, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sayansi ya siasa. Beard alimwona mwaka 1975 papo hapo mjini Nairobi, mtaani. Lugha? Alikuwa na tano, Kiingereza kikiwemo. Tena hakukubali kupigwa picha bure: alidai alipiwe karo ya chuo. Mchungaji wa aina gani huyo!

Sehemu kubwa ya Somalia ni nchi kame. Msitu uliotajwa magazetini sijui ulioteshwa wapi.

Kwenye filamu alionekana katika Out of Africa ya 1985, iliyopigwa Kenya, kisha akaigiza kiumbe anayejigeuza umbo katika Star Trek VI, 1991. Mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi kwa wanawake weusi, ambao kwa miaka mingi walikosa poda inayolingana na rangi zao.